Mwenye Nyumba Hajulikani

Karatasi zilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kata Alhamisi asubuhi, na kabla gundi haijakauka watu walikuwa wameshazichafua kwa vidole. Kankindi alisukumana na wenzake mpaka akafika mbele. Alikuwa amesoma hadi darasa la nne tu, basi alisoma pole pole, jina moja moja, akitafuta la mumewe, kuanzia la kwanza hadi la thelathini na mbili. Mutabazi hakuwemo. Akarudia, safari hii kutoka chini kwenda juu. Mutabazi hakuwemo.

Ghorofa jipya lilikuwa na makazi thelathini na mbili, kila moja vyumba viwili, jiko, na choo cha ndani. Lilijengwa kwa ajili ya wenye nyumba za mteremkoni, zile ambazo mvua ikizidi zinateremka na watu wake. Mwenye nyumba angevunjiwa kibanda chake na kupewa ufunguo. Mpango mzuri, hakuna aliyebisha. Hata Kankindi, ambaye kwa desturi hakusifu kitu mpaka akishike mkononi, alikuwa ameshapima kwa macho mahali ambapo cherehani ingekaa, karibu na dirisha.

Pembeni yake jirani yake Mukandekezi, aliyekuwa wa thelathini na mbili kwenye orodha, alikuwa akijifuta machozi kwa pembe ya kitenge. "Mungu ni mkubwa, Mama Uwase," alisema. "Mungu ni mkubwa kabisa."

"Ni mkubwa," alijibu Kankindi. "Sisi ametuweka wapi?"

Zephaniah, mkuu wa mtaa, alimvuta kando kwa adabu. Alikuwa amekulia Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa laini hata pale alipoleta habari mbaya. "Mama Uwase, hebu tazama ile karatasi ya pili. Ile kule, karibu na mlango wa choo."

Karatasi ya pili ilikuwa na kichwa kimoja: WAPANGAJI. Hao walipewa kodi ya miezi mitatu waende wakajitafutie pengine. Namba kumi na saba iliandikwa Mutabazi, fundi cherehani, watu wawili.

"Wapangaji?" Kankindi alisema. "Wapangaji wa nani?"

"Swali zuri hilo, mama," alisema Zephaniah, akitazama viatu vyake. "Lakini usiniulize mimi."

*

Ukweli ni kwamba Mutabazi alijipangisha mwenyewe kwa mdomo wake.

Ilikuwa Aprili, wiki ile nyumba tatu za upande wa pili wa kilima zilipoteremka. Vijana wa sensa ya makazi walipanda mteremko na tableti zao na ndoo ya rangi nyekundu. Kila ukuta waliouhukumu waliuandika TOWA, kama inavyoandikwa Kigali nzima kwenye nyumba inayotakiwa kuondoka. Mutabazi alikuwa barazani kwenye cherehani yake, pini nne mdomoni. Alizaliwa mtaa wa Biryogo, katika ukoo wa Waislamu ambao babu zao walikuja na biashara kutoka pwani, na neno lolote la Kiswahili lililopita mbele yake halikupita salama.

"Toa!" alisema. "Kumbe hawa wanaomba sadaka. Kankindi, watafutie sarafu."

Watu wakacheka. Binti wa tableti naye akacheka, kisha akauliza swali lake kama lilivyoandikwa: "Mzee, nyumba unayokaa ni ya nani?"

Mutabazi akatoa pini mdomoni. Swali hilo alikuwa na jibu lake tangu ujana. Uliza duka ni la nani, uliza shamba, uliza hata koti alilovaa, jibu lilikuwa lile lile. "Ya Mungu, mwanangu. Sisi wote wapangaji tu."

Wazee wawili waliokuwa wakisubiri suruali zao wakaitikia, "Kweli kabisa." Binti hakuuliza tena. Kidole chake kilikuwa kimeshagusa kioo. Alisogeza tableti, Mutabazi akaweka dole gumba, na Kankindi aliyekuwa akimimina chai aliona fahari kwa mume anayejua kusema. Fahari hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko yote baadaye.

Maana mwezi wa Juni kiharusi kilimwangusha Mutabazi msikitini, katikati ya rakaa. Kiliondoka na mkono wa kulia na mguu wa kulia, na kiliondoka na maneno. Akitaka maji, hawezi kusema maji. Akimtazama mkewe wa ndoa ya miaka thelathini na saba, jina halimjii. Ila yale aliyoyazoea tangu zamani yalibaki mazima. Bismillahi alisema vizuri. Ukianza methali, anaimalizia. "Haraka haraka," Kankindi angemwambia akimlisha uji, naye angejibu, "haina baraka," bila kigugumizi, kisha machozi yakamtoka kwa sababu hakuweza kuongeza la pili. Daktari alieleza kwamba maneno ya mazoea hukaa chumba kingine kichwani, na chumba hicho hakikuguswa. Kankindi alilishukuru hilo. Binadamu hushukuru vitu vya ajabu.

*

Kellen, ofisa wa ustawi wa jamii, alimpokea saa tano baada ya kumweka kwenye benchi tangu saa mbili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekulia Uganda na Kiswahili kilimpa taabu, lakini alijitahidi, kwa sababu alimwona Kankindi ni mtu mzima na hakutaka kumsemesha kama mtoto.

"Mama, hii sistemu mimi sikuitengeneza," alisema, akigeuza tableti ili Kankindi aone. "Ona. Hapa iko jina la mzee. Hapa iko hali yake: mpangaji. Hapa chini, mwenye nyumba." Alisogeza kidole. "Mwenye nyumba: hajulikani."

"Hajulikani?"

"Ndivyo waliandika."

"Alisema ni Mungu, madamu. Mungu hajulikani?"

Kijana aliyekuwa akipiga chapa kwenye meza ya pili aliinamisha kichwa ili asionekane akicheka. Kankindi alimwona, na uso ukamchoma.

"Ilikuwa mzaha," alisema kwa sauti ya chini. "Mzee wangu ni mtu wa mzaha. Kile kiwanja tulinunua na nyumba tukajenga sisi wenyewe. Matofali nilibeba mimi, Uwase iko mgongoni."

"Karatasi ya mauziano iko wapi, mama?"

Karatasi ilikuwa kwenye droo ya cherehani, mahali ambapo Mutabazi aliweka kila chenye thamani: pete ya mama yake, sindano za kizungu, karatasi. Mvua za Aprili zilipotoboa bati juu ya cherehani, droo ilijaa. Kankindi alifungua mkoba, akatoa mfuko wa plastiki, na kutoka humo akaweka mezani kitu cha kijivu mfano wa ugali uliokauka. Kellen alikitazama. Hakukigusa.

"Cheti cha ardhi je?"

"Mwaka ule wa kupima ardhi, wapimaji walifika pale kwenye mkaratusi, wakatazama mteremko, wakarudi. Hakuna hata mmoja kule mwenye cheti, madamu. Wote walioandikwa wenye nyumba, waliandikwa kwa mdomo."

"Yego, najua." Kellen alipangusa miwani. "Na mzee pia iliandikwa kwa mdomo. Mdomo wake, na kidole chake. Mimi nikibadilisha tu hapa ofisini, kesho watasema Kellen amekula. Mudugudu, hawa wakuu wa mitaa, watatu mwaka huu walifukuzwa juu ya kuingiza watu bandia." Alifikiri. "Jumanne iko mkutano wa wakazi. Mbele ya watu, mzee aulizwe tena. Akisema yangu, neno moja tu, mimi narekebisha pale pale. Nakuapia."

"Mzee hasemi, madamu. Iko mgonjwa."

"Hasemi kabisa?"

Kankindi alifikiria haraka haraka, na haina baraka. "Anasema kidogo," alijibu.

*

Siku tano zilibaki.

Uwase, binti yao wa pekee, alikuja Ijumaa kutoka Kimironko, ambako alishona magauni kwenye soko kubwa na kulala na wenzake watatu kwenye chumba kimoja. Alimkuta mama yake amepiga magoti mbele ya kiti cha baba yake.

"Sema: yangu."

Mutabazi alikunja mdomo. "Ya... ya..." Jasho lilimtoka. "Yarabi."

"Si Yarabi, baba Uwase. Yangu. Ya-ngu."

"Yarabi stara," alisema Mutabazi, safi kabisa, na akafumba macho kwa aibu.

"Mama, mwache," Uwase alisema. Alikuwa na hasira na hakujua aitupe wapi, akamtupia baba. "Maisha yake yote ni maneno. Watu wanajenga, yeye anasema maneno. Sasa maneno yamekula nyumba." Kisha alilia, akamshika baba yake mguu ule usiohisi. "Mimi siko na pahali, mama. Unajua. Mkichukua ile ya miezi mitatu, Gahanga vyumba viko bei nafuu. Tutaona mbele."

"Mbele gani? Miezi mitatu ikiisha, mbele ni barabara."

Uwase aliinuka apate kitu cha kufanya, akachukua mkasi wa baba yake kutoka kwenye meza ili apunguze nyuzi za pindo la pazia.

"Yangu!"

Wote wawili wakageuka. Mutabazi alikuwa amenyoosha mkono wa kushoto. Mkasi ule hakuna aliyeugusa kwa miaka thelathini, na kila aliyejaribu alipata neno hilo hilo, mkato wa 'mali yangu'. Nalo, kumbe, lilikuwa limelala kwenye chumba kile kisichoguswa.

Kankindi aliunyakua mkasi kwa bintiye, akamrudishia mumewe, akaunyakua tena. "Yangu!" Akaunyakua tena. "Yangu!" Wakacheka, wakalia, majirani wakachungulia. Kuanzia hapo Kankindi hakupumzika. Jumamosi alimshikisha mkasi ukutani, kisha akamwondolea mkasi na kuuacha mkono wake kwenye ukuta, kisha akaupiga ukuta ule kwa ngumi kama anayetaka kuubomoa. Jumapili alasiri Mutabazi alitazama ngumi ya mkewe, akatazama rangi ya bluu aliyoipaka mwenyewe, na akasema, "Yangu."

Kankindi alibandua kipande cha plasta cha rangi ile, kikubwa kama kiganja, akakifunga kwenye leso. Nyumba haiwezi kubebwa mkutanoni, lakini hicho kingebebeka.

*

Jumanne Uwase aliomba ruhusa sokoni, akatafuta kiti cha magurudumu cha kuazima msikitini, na wanaume wanne wakamshusha baba yake mteremkoni kwa sababu ya ukali wa ngazi za mawe. Mkutano ulikuwa kwenye uwanja nyuma ya ofisi. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida, na kimya kuliko kawaida. Kila mmoja alijua hesabu: makazi ni thelathini na mbili. Jina likipanda, jingine linashuka. Kankindi alimtafuta Mukandekezi kwa macho. Walikuwa wameazimana chumvi, makaa na nguo za msiba kwa miaka ishirini. Mukandekezi alikuwa ameinama akifunga kamba ya kiatu, na kiatu chake hakikuwa na kamba.

Zephaniah alisimama. "Kuna marekebisho ya familia moja," alisema. "Mzee Mutabazi tunamfahamu sote."

"Basi sema nyumba ni yake!" Uwase alipaza sauti. "Unamfahamu, sema!"

"Binti yangu, mimi ni mwenyekiti. Mwenyekiti hatoi ushahidi." Akageukia watu haraka. "Kuna mwenye ushahidi?"

Hakuna aliyeinua mkono. Mtu mmoja alikohoa. Wale wazee wawili wa suruali walikuwepo, na mmoja alifungua kinywa, akamtazama Mukandekezi, akakifunga. Si kwamba walikuwa waongo. Waliona tu kwamba ukweli siku hiyo ulikuwa na bei, na kila mmoja alisubiri mwenzake alipe.

Kankindi hakuwasubiri. Alipiga magoti mbele ya kiti, akafungua leso, akaweka kile kipande cha plasta kwenye kiganja cha mumewe. Kisha akakipokonya.

"Yangu!" alisema Mutabazi.

Sauti ilifika hadi nyuma. Mtu akapiga makofi mara mbili. Kijana mmoja akasema, "Lakini ile ni kipande tu," na wengine wakacheka, lakini kicheko hakikuwa kibaya. Kellen alikuwa ameshainuka. Uso wake ulikuwa umefunguka, maana naye alitaka mambo yaishe hivyo.

"Vizuri sana, mzee. Vizuri kabisa. Mmesikia wote." Alifungua tableti, akagusa, akagusa tena. "Sasa nitauliza ile moja tu ya fomu, sistemu ifunguke."

Hapo ndipo Kankindi alipoelewa. Siku tano alifundisha jibu, na hata mara moja hakukumbuka swali.

"Madamu, usiulize hivyo," alisema, akiinuka. "Muulize vingine. Muulize—"

"Lazima kama ilivyoandikwa, mama." Kellen akasoma, pole pole, kwa Kiswahili safi kilichoandikwa na mtu mwingine. "Mzee, nyumba unayokaa ni ya nani?"

Uso wa Mutabazi ukachanua. Baada ya miezi mitatu ya kuhangaika na vipande vya maneno, hatimaye mtu alikuwa amemfungulia mlango anaoujua. Upande wa mdomo uliobaki mzima ukatabasamu, mkono wa kushoto ukainuka kidogo kama zamani alipotoa pini, na akasema yote, neno kwa neno, bila kukwama:

"Ya Mungu, mwanangu. Sisi wote wapangaji tu."

"Kweli kabisa," wakaitikia wazee wawili wa suruali, kwa mazoea, kabla hawajajishika. Mmoja akaziba mdomo.

Kellen hakugusa kioo. Alisubiri. Aliuliza mara ya pili, na sauti yake ilikuwa ya kuomba. Mutabazi alijibu mara ya pili, kwa furaha zaidi, akiwatazama watu kwa zamu ili aone kama wamecheka. Hakuna aliyecheka. Akamtazama Kankindi. Kankindi alimfutia mate ya kidevuni kwa leso ile iliyokuwa na vumbi la bluu, akamwambia, "Umesema vizuri, baba Uwase." Angesema nini kingine?

Mukandekezi alianza kulia kwa sauti. Watu walidhani ni huruma, na labda nusu yake ilikuwa huruma.

*

Mashine ya kubomoa ilikuja wiki ya pili ya Oktoba. Kankindi hakwenda kutazama. Walikuwa wameshahamia Gahanga, chumba kimoja mwisho wa nyumba ndefu ya milango sita, nyuma ya shamba la mihogo linalosubiri kuuzwa viwanja. Kellen mwenyewe alikuja na gari la ofisi kusaidia kubeba cherehani. Alileta mchele kilo tano na hakukaa.

Mwenye nyumba aliitwa Ntare, mtu wa makamo, suruali imepigwa pasi, funguo zikining'inia kidoleni. Alisimama mlangoni na kuhesabu masharti yake. Maji ni mwisho saa mbili usiku. Jiko la mkaa ndani, marufuku. Kupigilia misumari ukutani, marufuku. Cherehani sawa, lakini mchana tu.

"Na mkifikisha mwezi wa nne hapa, mjipange mapema," alisema. "Hizo kodi za serikali najua ni za miezi mitatu. Mimi sina ugomvi na mtu, lakini tarehe moja ni tarehe moja. Nyumba hii haina wajomba." Alimtazama Mutabazi kwenye kiti chake, akampandishia sauti, kama watu wanavyowapandishia sauti wagonjwa. "Mzee! Tumeelewana? Nyumba ni ya nani?"

Kankindi alikuwa na sufuria mkononi. Aliiweka chini upesi, lakini hakuwahi.

"Ya Mungu, mwanangu," Mutabazi alisema, uso ukichanua. "Sisi wote—"

"Ati nini?" Ntare aliacha kuchezesha funguo. "Anasemaje huyu? Mama, mimi watu wa matatizo siwataki. Jana tu nimewatoa wengine, walianza na maneno hivi hivi."

Mutabazi alifungua kinywa amalizie. Kankindi alikifunika kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemfuta mgonjwa uji. Alihisi midomo ikiendelea kusema chini ya vidole vyake.

"Ni yako, baba," alimwambia Ntare. "Mzee ni mgonjwa, usimsikilize. Nyumba ni yako."